Jaji Alipokuja Kuona Kamba

Redio aliitwa Redio kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuwa na kitufe cha kuzimia. Ya pili ndiyo iliyompa mkate: sauti yake ilipita juu ya injini, juu ya upepo na juu ya winchi, ikazunguka kona ya bohari na kumfikia mtu wa upande wa pili kana kwamba amenong'onezwa sikioni. Simu za upepo walikuwa nazo, lakini bohari ile ilikuwa mabati matupu mwanzo mwisho, na simu ya upepo ikifika pale hukoroma kama mgonjwa wa mafua. Sauti ya Redio haikukoroma. Mkewe alisema afadhali ingekoroma, angalau angejua mwenzake amelala.

Alikuwa kiongozi wa genge la kamba. Kwa asiyejua mambo ya bandari, meli haiegemei gatini kama mlevi anavyoegemea ukuta. Lazima ifungwe. Mabaharia wanarusha kamba nyembamba yenye kitu kizito mwishoni, genge linaidaka na kuivuta, na nyuma yake inakuja kamba yenyewe, nene kama paja la mtu mzima, ina kitanzi mbele. Kitanzi kinavishwa kwenye nguzo fupi ya chuma iliyopandwa sakafuni, mabaharia wanakaza kwa winchi, na hapo kila mwenye akili anaondoka. Maana kamba iliyokazwa ikikatika haianguki chini kama kamba ya kuanikia nguo. Inarudi. Inarudi kwa kasi isiyoonwa na jicho, na inachokikuta njiani, kiwe mkokoteni au mguu wa mtu, hakibaki kama kilivyoumbwa.

Gati lao lilijengwa enzi za meli fupi. Ukutani palikuwa na ubao uliosema meli isizidi mita mia mbili, na watu walizeeka wakiuona ubao ule kama wanavyouona mwezi, kitu kisichobadilika. Asubuhi moja akaja mpaka rangi na ngazi yake, akafuta, akaandika mia mbili na sitini, akashuka, akaomba maji ya kunawa. Gati lenyewe halikuongezwa hata shubiri.

"Ni kama mtu aliyenenepa," Panzi, mmoja wa genge, alisema siku ile, ameshika kiuno anautazama ubao. "Badala ya kununua suruali kubwa, amebadilisha lebo."

Wakacheka. Kisha meli ndefu ya kwanza ikaja, wakaacha kucheka.

Tatizo lilikuwa pua. Meli ikishakaa gatini, pua yake ilipita nguzo ya mwisho na kuning'inia huko mbele kama mguu wa mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Kamba ya puani inatakiwa iende mbele, ila mbele hapakuwa na nguzo. Palikuwa na kona ya bohari, na nyuma ya kona, chini kidogo, kipande cha gati la zamani lililoachwa, na juu yake nguzo moja tu ya chuma yenye kutu, waliyoiita Yatima. Bosi akasema, "Tumieni ile." Basi kamba ikawa inavutwa, inapinda konani, inaenda kuvishwa Yatima. Pale inapopinda ilisaga zege kama msumeno. Genge wakaenda kuwaomba madereva wa malori tairi bovu, wakalikata, wakawa wanalitandika konani kamba isiliwe. Hakuna aliyewaagiza.

Wa kuivisha Yatima alikuwa Panzi. Alikuwa mwepesi, na pale palitaka mwepesi, kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa moja tu, ujia kati ya ukuta wa bohari na maji, mtu anapita ubavuubavu kama kaa, na kamba imetanda juu ya kichwa chake. Akiwa kule haioni meli, wala meli haimwoni. Redio alisimama konani, akitazama huku na huku: Panzi akishatoka, Redio anainua mkono, winchi inakaza. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini upepo ukiisukuma meli, kamba hujikaza yenyewe, haimsubiri mtu kuinua mkono.

Panzi alikuwa shemeji yake, amemuoa mdogo wake Redio wa kike. Na ni Redio mwenyewe aliyemtafutia kazi bandarini, zama ambazo kitu cha hatari kuliko vyote pale kilikuwa chai ya kantini.

*

Chama cha wafanyakazi kikaenda mahakamani. Waliomba namba irudi mia mbili mpaka gati lirefushwe. Mwenye kuihangaikia kesi upande wa genge alikuwa Mzee Nanga, mkongwe wa kamba, mtu wa maneno machache ambaye akikaa mahali hang'oki. Upande wa sheria alikuwapo wakili wa chama, binti mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye.

Bandari ikajibu kwa sentensi moja iliyovaa tai: tangu namba ibadilishwe, meli ndefu zimekuwa zikifunga gatini kila wiki, na hakuna aliyeumia.

Wakili aliwasomea jibu hilo kwenye kibanda cha kubadilishia nguo, katikati ya buti na harufu ya soksi.

"Hakuna aliyeumia," Panzi akarudia. "Kwa hiyo kosa letu ni uzima."

"Kosa lenu ni kujua kazi," wakili alisema. "Mngekuwa wazembe, kesi ingekuwa imekwisha."

"Shemeji hapa ni mzembe," Panzi akamnyooshea Redio kidole. "Ila uzembe wake wote uko nyumbani. Muulize mkewe nani anatengeneza bomba la jikoni."

"Na wewe muulize mkeo nani alikuposea. Mimi ndiye niliyesema maneno yote, wewe ulikuwa nyuma yangu unatetemeka kama jeli."

Wakili akacheka, kisha akawaambia habari iliyowafanya wakae sawa. Jaji amekubali kuja gatini. Atasimama palepale na kuona kwa macho yake meli ndefu ikifungwa.

"Fanyeni kama siku zote," alisema. "Mkiigiza, wakili wa bandari atawatafuna wazima. Na jambo jingine. Siku ile shahidi hasemi neno. Tunasema mawakili tu. Redio, umesikia?"

"Nimesikia."

"Jamani mfungeni kitambaa mdomoni," Panzi alisema. "Au mtoeni betri."

*

Jumapili Redio akaenda kwa mdogo wake. Alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ilikuwa nusu nyumba nusu duka: sare za shule zisizo na mikono zimetundikwa dirishani, vipande vya kitambaa chini, mtoto amekaa katikati yake anatafuna futi ya kupimia. Panzi hakuwepo, amekwenda kucheza mpira na watu wenye nusu ya umri wake.

"Kaka," mdogo wake alianza bila kuinua macho, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, "mtoe mume wangu pale."

"Pale wapi?"

"Usinifanye mgeni. Kwa Yatima. Anarudi nyumbani anatusimulia kama hadithi ya kuchekesha. Eti jana kamba imempitia juu akasikia upepo wake shingoni. Anacheka. Nimemwambia aache, ananiambia nimwongezee chai. Wewe ndiye kiongozi. Mtoe."

"Nikimtoa nimweke nani?"

"Mwingine."

"Mwingine naye ana mke."

"Mimi sijaolewa na mwingine."

Cherehani ikanyamaza. Redio, mtu ambaye hata msibani huwa anaombwa apunguze sauti, alilihesabu genge lake kwa kunong'ona. Angeenda yeye mwenyewe kwa Yatima, lakini kule kona ingebaki bila sauti, na tena tumbo lake lisingepita kwenye ujia ule hata kwa mafuta. Watatu kati ya genge walikuwa wazito kuliko yeye. Mzee Nanga alikuwa na goti bovu.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Jaji anakuja Alhamisi. Mwenyewe, na miwani yake. Akiiona ile kona, akaisikia kamba inavyolia, atazisimamisha meli zile. Zikisimama, hakuna haja ya Yatima tena. Mumeo atarudi kuvisha nguzo za watu wazima, hapo kweupe. Nakuahidi."

"Unaniahidi jaji?"

"Nakuahidi macho. Mtu mwenye macho akiona lazima aseme."

Mdogo wake akaokota futi mdomoni mwa mtoto, akaifuta mate kwa gauni. "Haya," alisema. "Mimi nimekukabidhi."

*

Jumatano, saa ya mapumziko, Mzee Nanga aliweka kikombe chini. Hilo peke yake lilikuwa tangazo.

"Kesho tusiweke tairi," alisema.

Wakamtazama.

"Tairi si la bandari. Tuliomba kwa madereva. Jaji anakuja kuona gati lao, haji kuona tairi letu. Tukilitandika, ataona kamba inapita laini kama uzi kwenye sindano. Tusipolitandika, ataiona inavyoliwa. Itatoa moshi. Italia."

"Wakili alisema tusiigize," Redio alisema.

"Kuigiza ni lile tairi. Bila tairi ndiyo kweli."

Walilizungusha jambo hilo, wakalipima, wakaona halina kasoro. Kamba ile ilikuwa mpya, kusagwa mara moja hakuwezi kuikata. Panzi atakuwa ameshatoka kabla winchi haijakaza. Jaji ataona moshi, atasikia kilio, basi.

"Mimi nitatoka mapema," Panzi alisema. "Nitatoka hata kabla ya kuingia."

Wakapeana mikono. Wakili hawakumwambia, mtoto wa watu, waliona, asibebeshwe mzigo.

*

Alhamisi upepo ulivuma kutoka ubavuni, si mkali, wa kupeperusha makaratasi tu. Wageni walifika wamevaa makoti ya kung'aa ambayo bado yalikuwa na mikunjo ya kiwandani. Jaji alikuwa mama wa makamo, helmeti imemshukia mpaka kwenye miwani, na ikabidi aishikilie kwa mkono kama mtu anayeogopa kofia yake kuibiwa. Wakili wa bandari alivaa viatu vinavyong'aa kama kioo cha kunyolea ndevu. Akakanyaga grisi hatua ya pili, na genge zima likamsamehe makosa yake yote kwa dakika moja.

Waliwasimamisha nyuma ya mstari wa njano, mahali salama, ila kona wanaiona. Tairi lililala chini karibu na buti la Redio, kama mbwa aliyeambiwa akae.

Meli ikaingia. Ilikuwa ndefu mpaka ikachosha. Mbele yake ilipofika, nyuma yake bado ilikuwa mtaa mwingine. Tagi mbili, vile vyombo vidogo vya kusukuma meli, ziliisukuma ubavuni kama watoto wanaosukuma kabati. Kamba za nyuma zikafungwa, za kati zikafungwa, kisha ikaja ya puani. Genge wakaidaka, wakaivuta, wakaipitisha konani, na Panzi akashuka nyuma ya bohari na kitanzi begani, amekibeba kama ngozi ya mnyama aliyemuua.

"Niko chini!" ikaja sauti yake.

"Visha utoke!" Redio akajibu, na wakili wa bandari akashtuka akaziba sikio.

Hapo upepo ukavuta pumzi na kuitoa. Puto hupotea kwa upepo mdogo. Na meli ile, kwa urefu wake wote, ilikuwa puto la chuma. Pua ikasogea nje, kidogo tu, hatua ya mtoto. Mkono wa Redio ulikuwa chini. Winchi haikuguswa. Kamba ikajikaza yenyewe.

Ilipanda kutoka sakafuni, ikanyooka, ikaliuma zege la kona na kuanza kulia, mlio wa mlango mzito unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Nyuzi za juu zikatoa moshi mwembamba. Kila kitu kilikuwa kama Mzee Nanga alivyotabiri, ila kimoja.

"Panzi! Toka!"

"Kitanzi kimekaa nusu! Kimenasa kwenye kutu, nikikiacha kitachomoka!"

"Kiache!"

"Kikichomoka kitanifuata huku huku, shemeji! Ngoja!"

Redio aligeuka. Jaji alikuwa ameinua helmeti kwa vidole viwili na anaitazama kona. Alikuwa anaanza kuona. Alikuwa anainamisha kichwa kama mtu aliyesikia kitu na anataka kujua kimetoka wapi. Pumzi mbili zaidi, tatu, na angeuona moshi, na angeelewa, na meli ndefu zingekwisha, na ahadi yote aliyomwekea mdogo wake ingetimia. Alichotakiwa Redio ni kusimama tu. Hakuna kazi rahisi kama hiyo duniani.

Mguu wake ulishapiga teke tairi.

Hakuupa amri. Na hakuwa peke yake: meli ilipolegeza kamba kwa pumzi moja, Mzee Nanga, mwenye mpango wake, alikuwa ameshafika na mtaimbo, ameinua kamba, na wale wazito watatu wamelisukuma tairi mahali pake, chap, kama walivyofanya kila wiki, bila mtu kumtazama mwenzake. Redio alikuwa amevuka mikono juu ya kichwa, ishara ya winchi kulegeza, na winchi ikalegeza. Kilio kikakatika. Moshi ukapeperuka. Kule chini ikasikika nyundo ikigonga kitanzi kikae, mara moja, mara mbili, kisha mluzi wa Panzi.

Akatokea konani ubavuubavu, amejaa kutu usoni, akawaona wageni na kuinama kama mwimbaji aliyemaliza wimbo. Redio akainua mkono. Winchi ikakaza. Kamba ikapita juu ya tairi, laini kama uzi kwenye sindano.

Jaji alitabasamu. "Hongereni," alisema. "Mnafanya kazi kwa umoja sana."

Wakili wa bandari akasogea mbele, kwa uangalifu, akiikwepa grisi. "Mheshimiwa Jaji, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba penye kona kuna kifaa cha kinga, na kwamba kuna mtu maalumu wa kutoa ishara kwa sauti na kwa mikono."

Redio akafungua mdomo. Karani wa mahakama alimnyooshea kidole. Wakili wa chama naye alimtazama, macho yanamsihi. Akaufunga. Meno yake yaligongana mpaka Panzi akasikia.

"Mheshimiwa," wakili wa chama alisema, "kifaa hicho ni tairi la lori. Wafanyakazi walilileta wenyewe."

"Wafanyakazi ni wa bandari, Mheshimiwa. Walicholeta watu wa bandari kimeletwa na bandari."

"Nimewasikia wote wawili," jaji alisema, akaandika. Kalamu yake haikuwa na haraka. Alipomaliza akauliza kama kuna mahali pa kunawa, akaondoka ameishika helmeti, na aliwaaga genge mmoja mmoja. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililowauma zaidi. Wangependa awe na pembe.

*

Walikaa kwenye kibanda cha nguo bila kuvua buti.

"Shemeji," Panzi alisema, "ungengoja kidogo tu. Alikuwa anaangalia."

"Na wewe je?"

"Mimi ningeruka."

"Ungerukia wapi?"

Panzi akafikiri. Mbele maji na meli inakuja ukutani, nyuma bati, juu kamba. Redio hakuwa amewahi kumwona akifikiri kwa muda mrefu hivyo.

"Basi," Panzi alisema. "Ila ungengoja."

Mzee Nanga aliuangalia mtaimbo ulioegemea ukuta. "Nimefanya kazi hii mpaka mikono haiulizi tena," alisema. "Ningeikata jana usiku, ingekuwa afadhali."

Hukumu haikuchelewa. Chumba cha mahakama kilikuwa na feni inayozunguka bila kuleta upepo, na benchi lililowafanya wakae kama wanafunzi waliochelewa. Jaji alisoma taratibu. Mahakama imekwenda gatini na kujionea. Imeona meli ya urefu unaolalamikiwa ikifungwa kwa utaratibu, kwa vifaa vya kinga, na watu wenye ujuzi wa hali ya juu. Hakuna aliyewahi kuumia. Mahakama si mtaalamu wa magati kuliko wenye gati. Maombi yametupwa, kila upande ubebe gharama zake.

Panzi akamnong'oneza Redio, "Ujuzi wa hali ya juu. Tusherehekee?"

Nje, kwenye ngazi, wakili alijaribu kuwa mchangamfu akashindwa. Alisema rufaa ipo, lakini itachukua muda, na majaji wa rufaa watasoma kumbukumbu hizi hizi. "Labda tukipata tukio jipya," alisema. "Kitu cha kuonyesha kwamba..." Akasikia anachokisema. Mkoba ukamshuka begani.

"Endelea tu, mwanangu," Mzee Nanga alisema kwa upole. "Tumeelewa. Tumeambiwa tulete maiti."

Wiki iliyofuata bosi alikuja mwenyewe kibandani, jambo ambalo halikutokea hata choo kilipoziba. Aliwasifu. Alisema mbinu yao ya kona itakuwa ndiyo utaratibu wa gati, na kwamba Redio awafundishe genge la zamu ya pili, maana meli zitaongezeka. Redio akamwambia hapana. Bosi hakukasirika hata kidogo. Alisema hakuna neno, wasipotaka wataletwa vibarua wa mkataba.

Vibarua wa mkataba. Watu ambao juzi walikuwa wanapakia saruji, hawajui kamba inalia vipi kabla ya kukatika. Yeyote atakayeitika kwanza, wangempeleka kwa Yatima.

Redio aliwafundisha genge la zamu ya pili. Aliwafundisha vizuri kabisa.

*

Alipokwenda kwa mdogo wake alikuta Panzi ameshasimulia yote, tena kwa kuchekesha, na yuko uani anamwogesha mtoto. Redio akaketi kwenye kiti cha wateja. Akaangalia sare za shule. Sasa zilikuwa na mikono.

"Leo stesheni imefungwa?" mdogo wake aliuliza.

"Leo sina habari."

"Mlikuwa na mpango, nimeambiwa. Na wewe ndiye uliyeuharibu."

"Ndiyo."

Alikata uzi kwa meno, akatema kipande. Redio alisubiri matusi, na alikuwa tayari kuyapokea yote. Hayakuja.

"Ningekuua," mdogo wake alisema. "Ungesimama tu pale ukamwachia ile kamba ili jaji aone, kaka, ningekuua kwa mkasi huu." Kisha akauweka mkasi mezani. "Na sasa hivi pia natamani kukuua. Sijui nifanyeje."

"Hata mimi sijui."

"Na akiacha kazi?"

"Nimemwambia. Anasema akiacha ataingia nani. Tumewapitia wote mmoja mmoja. Hakuna."

"Wote mnajibu jibu moja. Kama kwaya." Akageuza nguo, akaanza mshono wa pili. Uani mtoto alipiga kelele ya sabuni machoni, na Panzi akapiga kelele hiyo hiyo kumwigiza. "Basi awe anaongea," alisema. "Akiwa kule nyuma kwa Yatima, tangu anashuka mpaka anatoka, aongee, asinyamaze. Wewe ndiye unyamaze, umsikilize. Hilo utaliweza?"

"Hilo nitaliweza."

Meli iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote. Mpaka rangi alikuwa amerudi na ngazi yake, na ubao ulikuwa bado unanata. Panzi akabeba kitanzi, akashuka nyuma ya bohari, na Redio akasimama konani amefunga mdomo, sikio moja amelielekeza kwenye bati.

"Haya, niko chini," sauti ilianza. "Mke wangu kasema niongee, mimi nitaongea nini na ukuta? Shemeji, umewahi kusikia habari ya siku mama mkwe alipokuja kwetu bila taarifa? Mimi niko bafuni. Maji yamekatika. Sabuni iko usoni. Nasikia hodi..."

Pua ya meli ilikuwa inasogea. Kamba ikapanda kutoka sakafuni.

"...nikasema nani? Kimya. Nikasema nani? Subiri, hiki kitanzi kizito, subiri..."

Kimya. Tairi likaguna chini ya kamba. Redio alihisi genge zima nyuma yake limeacha kupumua. Alikuwa na sauti ya kuvuka injini, upepo na winchi, na hapakuwa na neno hata moja la kuipa.

"...nikatoka na ndoo kichwani," Panzi akaendelea, amekata pumzi. "Kimekaa. Natoka. Niko kwenye ujia. Nikatoka na ndoo, shemeji, na mama mkwe amesimama sebuleni na mchungaji..."

Akatokea, bega kwanza. Redio akainua mkono. Winchi ikakaza. Panzi akafuta uso kwa mkono wenye kutu, akatazama juu ambako baharia alikuwa anawapungia na kuonyesha vidole viwili, kwamba kwa urefu ule kamba moja ya puani haitoshi, inakuja ya pili.

"Nimeishiwa hadithi," Panzi alisema.

"Tunga," Redio alimwambia, na kumsukumia kitanzi.